Bodi ya stenlesi isiyo na rangi: uiache tupu, uipake kitu, au uivike filamu?

Gari la rangi ukiligusa kwa kidole chenye jasho, unapitisha kitambaa chochote na mambo yamekwisha. Gari la stenlesi tupu ukiligusa, kidole kinabaki pale kama muhuri. Ukikifuta kwa kitambaa chochote, sasa una muhuri uliopakazwa. Wenye DeLorean, lile gari la michezo la bodi ya stenlesi, wanalijua hilo tangu 1981. Wenye Cybertruck, pikapu ya stenlesi ya Tesla, walianza kulijua mwishoni mwa 2023, magari ya kwanza yalipokabidhiwa. Katikati ya makundi hayo mawili umezaliwa ushauri wa kila namna: paka mafuta, usipake mafuta, tumia siki, tumia unga wa masufuria, piga seramiki, vika filamu. Kila mmoja anaapa kwamba wake ndio.

Nimezilinganisha njia hizo kwa kipimo kimoja kuliko vingine: nikijuta, naweza kurudi nilikotoka? Kwenye rangi, koti la juu ndilo linaloumia kwa niaba ya bodi. Stenlesi haina wa kuumia kwa niaba yake. Unachokisugua ni chuma chenyewe, na ile mistari myembamba inayoipa sura yake ndiyo unayoifuta.

Kwanza, kutu inatoka wapi kwenye chuma kisichoshika kutu?

Chuma kinaitwa stenlesi kikiwa na kromiamu kuanzia asilimia 10.5. Bodi ya DeLorean ni daraja la 304, lenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Tesla ilitengeneza mchanganyiko wake mgumu zaidi wa familia hiyo hiyo ya madaraja ya 300. Kromiamu ikikutana na hewa hujenga utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, usioonekana kwa macho, na utando huo ndio kinga yote. Ukiukwaruza, unaanza kujirudisha wenyewe, mradi sehemu hiyo ni safi na hewa inaifikia.

Masharti hayo mawili ndiyo yanayosahaulika. Chumvi inautoboa utando: ioni za kloridi, ziwe zimetoka baharini, kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, au kwenye dawa ya klorini, huchimba vitundu vidogo vinavyoenda chini badala ya kutambaa juu. Uchafu unaokaa muda mrefu nao unaiziba hewa.

Lakini madoa mengi ya rangi ya chungwa ambayo watu huyaona baada ya mvua chache si kutu ya bodi. Ni chembe za chuma cha kawaida zilizotua juu yake: vumbi la breki, vumbi la reli, cheche za grenda kutoka karakana ya jirani. Chembe inashika kutu, inaacha kidoa, na mwenye gari anapiga kelele kwamba ameuziwa bati. Mwanzoni mwa 2024, picha za vidoa hivyo kwenye Cybertruck zilipoenea, maelezo kutoka kwa wahandisi wake yalikuwa hayo hayo: chuma cha nje kimetua juu, kinasafishika. Ukitaka kuamini, acha stilwaya mbichi usiku kucha kwenye sinki la stenlesi. Asubuhi utakuta pete ya kutu, na sinki chini yake ni zima.

Ni zima kwa sababu umeiondoa asubuhi. Ukiiacha mwezi mzima, kutu ile ya kuazima inashika unyevu na chumvi, inaziba hewa, na chini yake kitundu cha kweli kinaanza.

Visafishaji: kila doa na dawa yake

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchagua dawa kwa nguvu yake badala ya kuchagua kwa aina ya doa. Madoa ya stenlesi yako ya namna tatu: ya mafuta, ya madini ya maji, na ya chuma. Dawa inayoshinda moja haifanyi lolote kwa jingine.

Maji mengi na shampuu ya gari isiyo na ukali ndiyo ya kwanza siku zote. Suuza kwanza ili mchanga utoke kabla kitambaa hakijagusa bodi. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na pitisha mkono kufuata mistari, usizungushe duara. Kisha kausha, usiache maji yakauke yenyewe. Sehemu ya kukausha ndiyo watu wanaipita haraka, na ndiyo inayozaa nusu ya madoa wanayokuja kuyatafutia dawa baadaye. Mashine za kuoshea zenye brashi zinazozunguka ziepuke kabisa: brashi imebeba mchanga wa magari yaliyotangulia, nayo inakata mistari mingine juu ya mistari yako.

Kwa alama za vidole na mafuta, dawa ya vioo na spiriti ndizo zinazoshindana. Dawa ya vioo ni nyepesi, inatosha kwa vidole, na kwa uso mpana inafanya kazi haraka. Spiriti inaishinda kwenye lami na grisi iliyoganda. Mwongozo wa Cybertruck wenyewe unaruhusu spiriti kwa madoa hayo, kisha papo hapo kuosha kwa maji na sabuni laini. Ukinipa moja tu ya kuweka kwenye buti, nachukua spiriti. Angalizo ni moto: usiitumie kwenye paneli iliyochemka kwa jua wala karibu na sigara ya mtu. Chochote utakachochagua, nyunyizia kwenye kitambaa cha maikrofaiba na si kwenye bodi, la sivyo matone yatateremka na kuacha michirizi.

Madoa meupe ya maji ni madini, na hapo spiriti haina kazi. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huyayeyusha. Asidi ya sitriki iliyopunguzwa kwa maji hufanya vivyo hivyo bila harufu ya achari. Dakika chache, suuza sana, kausha. Siki na dawa ya klorini zisikutane hata kwenye ndoo moja, kwa sababu zinatoa gesi ya klorini, na hiyo haina mjadala.

Vidoa vya chungwa ndivyo vinavyogawa watu. Upande mmoja kuna dawa ya kuondoa chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau ikigusa chuma. Kazi hiyo inafanywa na kemikali iitwayo thayoglikoleti, ambayo pia ndiyo inayoipa harufu ya yai bovu. Upande wa pili kuna unga wa asidi ya oksaliki, ambao wengi wanaujua kwa jina la Bar Keepers Friend, uliokuwapo madukani tangu 1882, miaka mingi kabla stenlesi yenyewe haijapata jina.

Dawa ya zambarau ninaipenda kwa sababu mbili. Haisugui, na inakuonyesha mahali chembe zilipo. Unaweza kuona paneli uliyodhani ni safi ikitoa machozi ya zambarau kutoka juu hadi chini. Kwa ajili ya bodi nzima, hasa milango ya nyuma na sehemu zinazofuata magurudumu, hakuna inayoikaribia. Ila isome chupa vizuri. Dawa nyingi za kusafishia rimu hukaa rafu moja nayo, na baadhi zina asidi kali. Yenye asidi ya hidrokloriki ni kuikaribisha kloridi ndani ya nyumba.

Unga wa oksaliki una nguvu zaidi kwenye kutu iliyokwisha kushika. Ubaya wake ni kwamba mle ndani mna chembe ngumu za kusugulia. Kwenye sufuria hakuna anayejali. Kwenye boneti, ukisugua duara utaliona duara hilo kila jua likizama. Kama ni lazima, ufanye uji mwepesi, upake kwa kitambaa laini kufuata mistari, usizidishe dakika moja, kisha usuuze hadi uchoke. Vaa glavu, na usiufikishe kwenye mipira, plastiki wala alumini. Kwa hiyo mpangilio wangu ni dawa ya zambarau kwanza, bodi nzima, na unga kwa kidoa kimoja kimoja kilichokataa kutoka.

Kinyesi cha ndege, utomvu wa miti na wadudu waliogongwa havina haja ya mjadala wa dawa. Haja yake ni haraka. Vioshe leo hii, maana kesho unaweza kukuta kivuli. Usivikwangue vikiwa vikavu. Weka kitambaa chenye maji juu yake kwa dakika kadhaa, kisha uinue.

Na kuna vitu ambavyo havimo kwenye mashindano haya hata kidogo: stilwaya, brashi ya waya, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Viwili vya kwanza vinapanda chuma cha kawaida ndani ya mikwaruzo ambayo vyenyewe vimeichimba. Huwezi kumwalika mgeni mbaya na kumwandalia kitanda kwa mkono huo huo.

Kusugua upya: dawa au ulevi?

Mwenye DeLorean ana fahari moja: mkwaruzo mdogo anaweza kuuondoa kwa pedi ya nailoni ya kusugulia, kufuata mistari, bila rangi wala fundi wa kupuliza. Ni kweli, na magari mengi ya umri ule yanaonekana mapya kwa sababu hiyo. Fundi akikupigia hesabu ya mkwaruzo kwenye rangi, unaanza kuionea wivu stenlesi.

Sasa upande wa pili. Kusugua ndiko njia pekee kwenye orodha hii ambayo haina kurudi nyuma. Huondoi mkwaruzo, unaondoa chuma kilichouzunguka hadi mkwaruzo usionekane. Ukisugua mahali hapo tu, unapata kiraka kinachong'aa tofauti, kwa hiyo unalazimika kuvuta kutoka ukingo hadi ukingo wa paneli, kwa mkono ulionyooka, kwa nguvu ileile, bila kusimama katikati. Paneli pana zaidi, mkono mgumu zaidi. Na rangi ya mistari ya paneli moja lazima ifanane na ya jirani yake, la sivyo umehamisha tatizo tu.

Kama utafanya, anza na pedi laini kuliko unayodhani unaihitaji, ziba paneli za jirani kwa utepe wa karatasi, tumia kipande kipya ambacho hakijawahi kugusa chuma cha kawaida, na ujaribu kwanza mahali pa chini pasipoangaliwa. Usifanye kwa ajili ya vidole wala vidoa vya chungwa. Wapo wanaosugua kila baada ya miezi michache kwa sababu tu gari "limefifia", kumbe lilikuwa linadai spiriti.

Bonde, yaani mahali bodi ilipobonyea, ni habari nyingine kabisa. Kwenye gari la rangi, bonde hujazwa bodifila na kufichwa. Kwenye stenlesi tupu hakuna pa kuficha, na pedi haiinui chuma. Hiyo ni kazi ya fundi wa kunyoosha bila rangi, au ya paneli mpya.

Kinga: njia tano, na mbili ninazozikubali

Kuiacha tupu ndiyo njia ninayoipendelea kwa gari linalolala ndani na linalooshwa na mwenye gari mwenyewe. Haikugharimu chochote kwa dawa, ila inakugharimu wakati. Kila doa unaliona mapema, kila dawa inagusa chuma moja kwa moja, na hakuna tabaka litakalokuja kukauka, kuwa njano au kubanduka. Stenlesi haihitaji kuvikwa ili iishi. Ford na kampuni ya chuma ya Allegheny, iliyokuja baadaye kuitwa Allegheny Ludlum, walitengeneza sedani za stenlesi mwaka 1936, na baadhi zipo hadi leo. Ubaya wake ni vidole. Kama una watoto, au jirani anayezungumza kwa kuegemea magari ya watu, hutapumzika.

Mafuta mepesi ya madini, pamoja na dawa zile za kupuliza za kulainishia nati, yanafanya kiini macho: yanasambaza mafuta sawasawa kote ili yale ya vidole yasitofautike. Kwa siku ya maonyesho au ya kupiga picha, sina neno. Kwa matumizi ya kila siku yanakamata vumbi kama karatasi ya nzi, na mvua mbili tatu zinayaondoa bila utaratibu, hapa yapo na pale hayapo. Uzuri ni kwamba yanarudishika: spiriti na sabuni vikipita, umerudi mwanzo. Nta ya gari ni ndugu yake mwenye maisha marefu kidogo, ila ikikauka ndani ya mistari inaacha weupe ambao utautoa kwa brashi laini huku ukijilaumu.

Seramiki ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi zaidi. Ni kimiminika chenye asili ya silika ambacho kinakauka na kuwa ngozi ngumu, nyembamba sana. Kwenye stenlesi inafanya jambo moja vizuri: uchafu na vidole havishiki sana, na kuosha kunakuwa kwepesi. Haizuii jiwe, haizuii mkwaruzo, na matone ya maji yanayosimama juu yake kama shanga yakikauka juani yanaacha madini yake palepale. Kinachonifanya nisite ni kuondoka kwake. Kwenye rangi, seramiki iliyochakaa inaondolewa kwa polishi na mashine. Kwenye chuma chenye mistari, kuiondoa kwa kusugua maana yake ni kuitengeneza mistari upya. Unanunua urahisi wa miaka michache kwa hati ya kazi kubwa mbele. Anayeitaka aijaribu kwanza kwenye paneli moja, aitazame asubuhi na jioni, kwa sababu inaweza kubadili kidogo wangavu wa chuma, na jicho likishaliona hilo halisahau.

Filamu ya poliyurethani ndiyo kinga ya kweli pekee hapa, kwa maana ya kitu kinachopigwa badala ya bodi. Unene wake ni karibu sehemu mbili za kumi za milimita, kiasi cha kuupokea mchanga wa barabarani, na nyingi zake mikwaruzo midogo huziba ikipata joto. Chagua isiyong'aa kama unataka bodi ibaki na sura ya chuma; ya kung'aa inaifanya ifanane na kitu kilichofungwa kwenye nailoni. Na tofauti na seramiki, hii inabanduka: joto, subira, kisha kusafisha gundi. Unarudi kwenye chuma kile kile ulichokiacha.

Lakini ubora wa filamu unaamuliwa siku moja kabla haijabandikwa. Chembe za chuma zikiwa zimebaki chini yake, umezifungia pamoja na unyevu, na dawa haiwezi tena kuzifikia. Dai kwa fundi aonyeshe kwamba amepitisha dawa ya zambarau na kuondoa mafuta kabla ya kubandika. Kingo nazo zinahitaji jicho: zikiinuka, maji yanaingia na uchafu unajipanga mstari mweusi. Filamu ya vinaili ya rangi ni nyembamba zaidi na kazi yake kubwa ni sura. Itafunika vidole, lakini mbele ya mawe usiitegemee sana.

Iliyobaki ni vanishi ya kupuliza, ile klia ya mafundi rangi. Hii siipendekezi kwa yeyote. Uso wa stenlesi haushiki rangi kwa urahisi bila maandalizi ya kuukwaruza na praima maalumu, na praima hiyo ndiyo itakayoficha chuma ulichotaka kionekane. Klia tupu ikianza kubanduka pembeni, unyevu unatambaa chini yake, na kuitoa ni kemikali kali au msasa. Katika kipimo changu cha kurudi nyuma, kati ya kinga hizi tano hii inashika mkia.

Basi uchukue ipi?

Gari linaishi karibu na bahari au kwenye barabara za chumvi: filamu kwenye paneli za mbele na za chini zinazofuata magurudumu, na maji matamu kila wiki hata kama hujaliosha kwa sabuni. Suuza hasa kwenye mianya kati ya paneli na chini ya kingo za milango, kwa sababu humo chumvi inakaa na hewa haifiki. Hata 304 nzuri inaumia humo kwanza.

Gari la kila siku, mji wenye vumbi, hakuna bahari wala chumvi: iache tupu kwa miezi sita kwanza. Chupa ya spiriti, vitambaa safi, dawa ya zambarau mara mbili kwa mwaka, au mapema zaidi kama unaegesha karibu na reli au karakana ya kuchomelea. Baada ya hapo utajua kama vidole vinakukera kiasi cha kulipia filamu. Wengi wanalipia wiki ya kwanza, kwa hasira ya doa la kwanza.

DeLorean ya zamani iliyopita mikono mingi ina maswali yake. Kabla ya kupaka au kubandika chochote, osha kwa spiriti sehemu ndogo ya kila paneli uone kama kuna mafuta, nta au klia ya mtu mwingine. Ukikuta mistari ya paneli moja imekwenda tofauti na ya jirani yake, ujue tayari kuna mtu aliyeisugua. Na usimalizie macho yote kwenye stenlesi: chini yake kuna bodi ya faiba, na chini ya faiba kuna fremu ya chuma cha kawaida iliyopakwa epoksi. Epoksi ikipasuka, fremu ndiyo inayoliwa huku bodi ikiendelea kung'aa. Pesa ya seramiki kwa gari la namna hiyo ningeipeleka chini ya gari, kwa fundi mwenye taa na kioo.

Boliti na skrubu nazo ziangalie ukibadilisha kitu. Skrubu ya chuma cha kawaida kwenye paneli ya stenlesi, ikipata maji ya chumvi, huliwa haraka kuliko ingekuwa peke yake, kwa sababu metali mbili tofauti zilizolowa chumvi zinafanya kazi kama betri. Kutu yake inateremka juu ya paneli kama machozi, na wewe unarudi dukani kununua unga wa oksaliki, wakati dawa ilikuwa skrubu ya stenlesi na washa ya plastiki.